Nani Alimvusha Elisha Korongo

Sura ya Sita

Mama wa mtuhumiwa alifika kituoni kabla ya Afande Evelina. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, hotpoti mapajani, Biblia juu ya hotpoti, mikono miwili juu ya Biblia. Kitenge cheusi cha msiba bado kilikuwa kiunoni. Mumewe alikuwa na siku hamsini na tatu kaburini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Evelina?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Domitila, mama yake Elisha. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemshika. Hajala tangu jana. Hapa kuna ugali na mlenda, na kipapatio cha kuku. Mlenda ukipoa haufai tena."

"Nitampelekea mwenyewe. Na wewe umekunywa chai?"

"Mimi si mahabusu," alisema Domitila. "Mlishe huyo kwanza."

Evelina alikuwa mpelelezi kwa miaka tisa. Alipokea hotpoti, akapita nayo mlangoni kwa mkuu wa upelelezi, Afande Apolinari, aliyekuwa amesimama akisoma jalada la kesi ya Elisha.

"Saa nane mchana hili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," Apolinari alisema. "Toleo limetoka kwa jina la kijana, kwa paswedi ya kijana. Unatafuta nini tena?"

"Kuna swali moja sijamuuliza."

"Una hadi saa nane. Na hiyo hotpoti ni kielelezo?"

"Ni mlenda, afande."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Elisha Chidumizi, miaka ishirini na tisa, mkazi wa Ipagala, alitengeneza programu inayoitwa Kibaraza. Kwa Kibaraza, mtu asiyejua lolote la kompyuta anafungua tovuti yake na kuandika habari zake, kama anavyoandika meseji. Programu ni ya bure, na iko wazi: anayetaka anafungua ndani, anaangalia ilivyoshonwa, akiona panapovuja anaziba na kuandika jina lake. Zahanati, shule, makanisa na vikundi vya wakulima, jumla arobaini na tatu, vilikuwa vikiitumia.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita likatoka toleo jipya kwa jina la Elisha. Walioliweka, tovuti zao zikaanza kuonyesha tangazo la nafasi za kazi. Jaza jina, jaza namba ya kitambulisho cha taifa, weka picha. Watu mia mbili na kumi na saba walijaza. Kazi haikuwepo. Binti mmoja wa Mkonze, aliyedhani ameomba kazi ya usafi zahanati, aligundua baada ya siku nne kwamba ana laini sita za simu zilizosajiliwa kwa jina lake, na moja imeshatumika kutapeli mchungaji.

Kijana anayekaa ndani na laptopu yake, mama hajui anafanya nini, na siku moja polisi wanagonga. Ndiyo hofu ya kila mzazi. Domitila alikuwa ameibeba hofu hiyo miaka sita, na sasa ilikuwa imefika mlangoni na pingu.

Elisha alikula kwa haraka, akiinamia meza ya chumba cha mahojiano. Evelina alimngoja amalize kipapatio.

"Toleo la Jumatano ulilitoa wewe?"

"Sikulitoa."

"Lina jina lako."

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

"Saa tisa mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Namwelekeza mwinjilisti wa kijijini kwetu Mlali jinsi ya kugeuza picha. Aliweka picha ya askofu kichwa chini. Alinitumia meseji kumi na moja, afande, ya mwisho ilikuwa ya kulia tu."

Evelina aliamini. Alikuwa amekipekua mwenyewe chumba cha Elisha. Godoro, laptopu ambayo kioo chake kimeshikwa na selotepu, ndoo iliyogeuzwa kuwa kiti. Ukutani, kwa maka pen, orodha ya kasoro alizokuwa akizishughulikia. Uani, kuku sita. Elisha aliwapa majina ya kasoro zilizomshinda, na moja ikipona, kuku wake anachinjwa. Wote sita walikuwa wanene.

"Mtu mwingine angeingiaje kwa jina lako?"

"Kwa kusema amesahau paswedi. Programu inamuuliza maswali matatu niliyoyaweka mimi. Akijibu yote, inampa paswedi mpya."

"Na akijibu vibaya?"

Elisha alisogeza hotpoti pembeni. "Inaandika. Kibaraza kina daftari kama lile lenu la mapokezi. Nani kaingia, saa ngapi, kagusa nini. Mmelichapa, limo humo kwenye jalada, ukurasa wa nyuma."

Evelina alifunua. Hapo ndipo kesi ilipoanza kugeuka.

*Jumatano, saa 9:12 alasiri. Swali: Ng'ombe wetu wa kwanza aliitwa nani? Jibu: Madoa. Sahihi.*

*Swali: Nikiwa mdogo nyumbani waliniitaje? Jibu: Askofu. Sahihi.*

*Swali: Nani alinipeleka shule siku ya kwanza? Jibu: Baba. Si sahihi. Jibu: Augustino. Si sahihi. Jibu: Baba Augustino. Si sahihi.*

Dakika nane kimya. Kisha:

*Jibu: Mama. Sahihi.*

"Kwa nini majibu yaliyokosewa yameandikwa?" aliuliza Evelina. "Jibu la siri si linafichwa?"

Elisha aliona aibu zaidi ya alivyoona tangu akamatwe. "Watu wa kazi yangu wakijua watanicheka. Lakini wanaotumia Kibaraza ni walimu, wazee wa kanisa, akina mama wa vikoba. Wanasahau walichoandika. Akinipigia analia, nafungua daftari, namwambia, mama, hapa uliandika jina la mtoto wa pili, jaribu wa kwanza. Nilitaka kuwasaidia."

"Anayejua Madoa na Askofu ni mtu wa nyumbani."

"Ndiyo."

"Mtu wa nyumbani anaweza kukosea swali la tatu mara tatu?"

Elisha alitikisa kichwa. "Kwetu hakuna asiyelijua. Hata Asnath, dada yangu, ambaye siku hiyo alikuwa tumboni."

"Basi si mtu wa nyumbani," Evelina alisema. "Ni mtu aliyesimuliwa, akasimuliwa vibaya. Nani mwingine ana uwezo wa kutoa toleo?"

"Nurdini tu, mwenzangu wa Kondoa. Alikuja msibani Mlali, akalala siku tatu."

Evelina alimpigia Nurdini hapo hapo, simu ikiwa mezani.

"Afande, mimi paswedi yangu ninayo," ilisema sauti ya Kondoa. "Nivunje dirisha la nini na ufunguo nimeshika? Halafu nakala ya daftari la Kibaraza inakuja kwangu kila saa. Nimeilinganisha na ya Elisha. Hakuna mstari uliobadilishwa."

"Nitumie. Ng'ombe Madoa unamjua?"

"Namjua vizuri sana. Na wewe ungemjua kama ungekuwa Mlali. Alisomwa kwenye wasifu wa marehemu. Watu walicheka wakilia."

Evelina alikata simu, akaenda kwenye benchi.

"Mama, wasifu wa marehemu unao?"

Domitila alifungua Biblia. Karatasi ilikuwa kwenye Zaburi, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameitoa nakala mia tatu.

Evelina aliisoma amesimama. Jina la marehemu, Augustino, na la baba yake, kijiji, tarehe, majina ya watoto kwa kufuatana na miaka waliyozaliwa, namba ya simu ya familia. Ng'ombe Madoa, aliyenunuliwa kwa karanga za msimu mmoja. Elisha, ambaye baba yake alimwita Askofu kwa sababu alikuwa akiwahubiria mbuzi. Mtu ukifiwa unaandika wasifu kwa machozi, unataka wajue jinsi mlivyopendana. Hukumbuki kwamba kati ya wale mia tatu wanaoupokea kuna wasiolia. Hukumbuki kwamba yupo atakayeupiga picha na kuurusha kwenye makundi ya simu. Unakuwa umegawa funguo za nyumba pamoja na chakula cha msiba, na hakuna wa kumlaumu.

Aliigeuza nyuma, akarudi mbele. Mambo ya shule hayakuwemo.

"Hapa palikuwa na habari ya siku ya kwanza ya shule ya Elisha?"

Vidole vya Domitila vilisimama juu ya Biblia. "Kwa nini?"

"Nijibu tu, mama."

"Ilikuwa ndefu. Niliandika kurasa nne kwenye daftari. Tulikuja mjini kuichapa, kijana wa steshenari pale Ipagala akaniambia, mama, tupunguze, karatasi moja mbele na nyuma inatosha. Akakata hapa na pale."

"Daftari liko wapi?"

"Kabatini. Elisha alinihamishia kwake baada ya maziko."

Walikwenda na gari la polisi, askari William akiendesha. Ipagala jua lilikuwa kali, na kuku sita walikuja mbio wakidhani wameletewa pumba. Domitila alitoa daftari chini ya mashuka. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la saba na hakuacha kuandika. Ukurasa wa tatu ulisema:

*Siku ya kwanza ya shule, mwaka wa mvua nyingi, marehemu alimbeba Elisha begani akavuka naye korongo, maji yakiwa kifuani, ili mwanawe asichelewe kama wengine.*

Evelina alisoma mara mbili. Kisha akaitazama picha ya marehemu ukutani. Alikuwa amesimama na mkewe mlangoni mwa kanisa. Kichwa cha Domitila kiliishia kwapani mwa mumewe.

"Mama, maji yalikuwa kifuani mwa nani?"

Domitila alianza kukunja upya mashuka.

"Kwa baba Elisha yangefika kiunoni."

"Mimi ni mfupi," alisema Domitila hatimaye, akakaa juu ya ndoo ya mwanawe. "Baba yake alikuwa machimboni. Aliondoka Elisha akiwa na miaka sita, hakuonekana mpaka mtoto yuko darasa la tatu. Nilimvusha mimi, na mimba ya Asnath aliyoniachia, ya miezi saba. Nikateleza. Kiatu kimoja kikaenda na maji. Akaingia darasani na kiatu kimoja, hakulia."

"Kwa nini uliandika hivi?"

"Maisha yake yote Augustino watu walimkumbusha ile miaka mitatu. Hata kilabuni, hata kanisani. Nilitaka azikwe na jambo jema moja zaidi. Ni dhambi?"

"Mimi ni polisi, mama. Dhambi siijui." Evelina alifunga daftari. "Nani aliliona hili zaidi yako?"

"Hakuna. Msibani halikusomwa. Gaudence tu, yule wa steshenari. Ni kijana mzuri, alinipa na pole."

Steshenari ya Gaudence ilikuwa dakika sita kwa miguu. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kimeza cha kusajili laini za simu. Evelina alimwacha Domitila kwenye gari, akaingia na William, wote wawili katika nguo za kiraia.

"Karibu dada! Fotokopi, pasipoti saizi, laini?"

"Wasifu. Nasikia unaandika vizuri."

"Poleni na msiba."

"Ulimwandikia Mama Elisha."

"Yule mama! Nililia mwenyewe naandika." Gaudence alivuta kiti. "Nilisikia habari za Elisha. Inaumiza. Alinitengenezea ukurasa wa duka hili bure kabisa."

"Kwa Kibaraza?"

"Kwa Kibaraza."

"Watu wa kule kwao wanasema alikuwa mtoto wa mama, baba hakumjali."

"Uongo huo," alisema Gaudence kwa upole, kama anayemtetea rafiki. "Baba yake ndiye aliyembeba begani kumpeleka shule siku ya kwanza. Mto umejaa, maji kifuani."

"Umesikia wapi?"

"Si kwenye wasifu? Ulisomwa msibani, watu wote wanajua."

Evelina aliweka karatasi ya kuchapwa juu ya fotokopi. "Nionyeshe."

Gaudence aliisoma mbele. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Labda nili… labda niliikata."

"Uliikata. Kwa hiyo watu wote hawajui. Unajua wewe." Alionyesha kompyuta ya pembeni. "Fungua ukurasa wa duka lako. Bonyeza palipoandikwa umesahau paswedi. Andika jina la Elisha."

"Dada, nina wateja."

"Afande," William alimsahihisha, akatoa simu kurekodi.

Maswali yalitokea. Evelina alishika mausi mwenyewe, akabonyeza kwenye kisanduku cha swali la tatu bila kuandika kitu. Kompyuta, kama ilivyo tabia yake ya kumkumbushia mtu alichowahi kuandika, ilishusha orodha fupi. Baba. Augustino. Baba Augustino. Mama.

Fotokopi iliendelea kutoa karatasi peke yake. Macho ya Gaudence yalikwenda kwenye kimeza cha laini, yakarudi.

"Aliandika Elisha," alisema. "Alikuja hapa Jumatano ile. Alikaa kwenye kiti hicho hicho. Mimi sijui lolote."

Ilikuwa saa saba na robo walipomfikisha kituoni. Apolinari alisikiliza, akatazama video mara mbili, akasoma nakala ya daftari iliyotumwa na Nurdini, kisha akashusha pumzi.

"Nzuri. Lakini haitoshi. Gaudence anasema Elisha alikaa pale. Elisha anasema hakukaa. Wewe unasema Elisha asingeweza kuandika 'Baba'. Mwendesha mashtaka atachukua daftari la mama yake mzazi, na daftari linasema ni baba. Sasa?"

"Mama atatoa maelezo."

"Ya kwamba aliandika uongo kwenye wasifu wa mumewe? Yatasomwa mahakamani, Evelina. Nusu ya Mlali watakuwa wamekuja kusikiliza."

"Najua, afande."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Usimfiche."

Evelina alimtoa Elisha mahabusu akamkalisha upande mmoja wa meza, Domitila upande wa pili. Alimweleza mama yote, polepole: maswali matatu, karatasi mia tatu, kwapani na kifuani. Hakupunguza kitu. Domitila alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mlango nilifungua mimi," alisema.

"Alifungua Gaudence, mama," alisema Evelina. "Lakini mwakani ukiombwa kuandikia jirani, usiweke majina ya utani ya watoto, wala mifugo, wala shule. Mtu azikwe na mambo yake mwenyewe."

"Nitawaambia. Nitawaambia kanisani." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Vitu vyote unavyovijua vya kompyuta, ukaamua kuficha mali za watu kwa jina langu?"

"Nilitaka jibu ambalo siwezi kulisahau," alisema Elisha.

Domitila aliangalia pembeni, akavuta ncha ya kitenge, akajifuta pua.

"Mama, usisaini," Elisha alisema. "Watamsema baba upya. Nitajitetea mwenyewe. Nurdini atakuja, tutawaeleza programu inavyofanya kazi."

"Utawaeleza nini? Mimi umenieleza miaka sita, sijaelewa." Alivuta kiti karibu na meza. "Baba yako amekufa, hawatamfunga. Andika, Evelina. Mimi, Domitila. Siku ya kwanza ya shule, Elisha nilimpeleka mimi."

Evelina aliandika. Mwaka, korongo, maji kifuani, mimba ya miezi saba, kiatu kimoja. Aliandika kwamba maneno ya ukurasa wa tatu wa daftari hayakuwa ya kweli, na sababu yake. Alimsomea. Kisha akageuza karatasi na kumpa kalamu.

Domitila aliishika, hakusaini. Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika arobaini na tano.

"Kuna nafasi hapo chini?"

"Ipo, mama."

"Ongeza hili. Aliporudi kutoka machimboni alimkuta mtoto anajua kusoma. Yeye hakujua. Basi kila Ijumaa jioni alimwambia, Askofu, leta madaftari nikague. Anafunua moja moja, anatikisa kichwa, anasema vizuri, vizuri. Mara nyingine amelishika kichwa chini. Elisha hakuwahi kuligeuza daftari."

Elisha alikuwa ameinamisha uso mezani.

"Hilo ni la kweli," alisema Domitila. "Linaweza kuandikwa?"

Katika jalada la Kibaraza sentensi hizo hazikuwa na kazi yoyote. Hazikumhusu Gaudence, wala laini za simu, wala toleo la Jumatano. Evelina aliziandika zote, kwa mwandiko wa kusomeka, akamngoja mama asaini chini yake.